WAULIZE MAFUNDI: Ndege ya vita iliyoanguka, mwamba na maji kupwa

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu diorama ya ndege ya vita iliyovunjika: modeli ya plastiki inayokatwa, kuchanwa na kuchakazwa, kisha kulazwa kwenye mandhari ya pwani. Tumechagua zile zenye tatizo la kweli la mezani, na zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Assalaam alaykum mafundi. Nimeshaunga ndege kadhaa nzima nzima, sasa nataka iliyoanguka, ikae kwenye pwani ya kwetu. Nichague ndege gani, skeli gani, na nianze kukata wapi?
*Msomaji, Jang'ombe*

Waalaykum salaam ndugu yetu. Kabla ya kushika msumeno, andika kwenye karatasi majibu ya mambo matatu: imeangukaje, imelala pale muda gani, na maji ya kujaa yanaifikia wapi. Diorama nyingi tunazoletewa picha zake zimeungwa vizuri na kupakwa vizuri, lakini haziaminiki. Rafadha, yaani mapanga ya mbele yanayoivuta ndege, inasema ndege imetua wiki iliyopita, bati linasema miaka ishirini, na mchanga wa chini haujawahi kuona maji. Ukishaandika majibu hayo matatu, pa kukata utapaona mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza tunapendekeza Hawker Hurricane, ndege ya vita ya Kiingereza, kwa skeli ya 1/48, yaani modeli ni ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Ndege halisi ilikuwa mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo modeli ni sentimita 25.4. Inakaa kwenye ubao wa sentimita 40 kwa 30 na nafasi ya mwamba inabaki. Sababu kubwa zaidi ni ujenzi wake. Sehemu ya nyuma ya bodi ilikuwa mabomba ya chuma na fito za mbao zilizovikwa kitambaa cha kitani, na usukani wa mkiani nao ulivikwa kitambaa. Mabawa ya matoleo ya baadaye yalikuwa ya bati. Ndege moja inakupa uchakavu wa aina mbili. Wala haiko mbali na historia ya upande wetu, maana Hurricane za kikosi cha anga cha Afrika Kusini zilipigana Kenya na Ethiopia mwaka 1940 na 1941.

Ukitaka khasa ndege iliyoruka juu ya bahari yetu, basi ni Catalina, ile ya kutua majini. Kikosi cha 259 cha jeshi la anga la Uingereza kiliziendesha kutoka Kipevu, Mombasa, kisha kikahamia Dar es Salaam mwaka 1943, kazi yake ikiwa kuwinda nyambizi. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina za vikosi vya 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska. Lakini Catalina ina mita 31.7 bawa kwa bawa: kwa 1/72 ni sentimita 44, na kwa 1/48 ni sentimita 66, yaani meza nzima. Iache iwe kazi ya pili.

Ukiilaza Paje au Kojani ndege ambayo haikuanguka pale, kiandike kibao kwamba tukio ni la kubuni. Watu huamini vibao.

Nimetoboa bawa kwa chuma cha moto kuonesha matundu ya risasi na bati lililochanika, lakini linaonekana kama ukuta wa zege uliobomoka. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Chake Chake*

Kosa ni unene, na hesabu yake ni nyepesi. Plastiki ya modeli ina unene wa milimita 1.2 hivi. Zidisha kwa 48: umejenga ndege yenye bati la karibu sentimita 6. Bati halisi la ndege za wakati ule lilikuwa milimita 1 au pungufu. Matundu nayo ni hivyo hivyo. Risasi ya milimita 7.7 kwa skeli hiyo ni milimita 0.16, chini ya ncha ya pini ya kushonea, na hata kombora la mzinga wa milimita 20 linaingia kwa tundu la milimita 0.4. Tundu lako la milimita 2 ni la karibu sentimita 10. Chuma cha moto kinaongeza balaa kwa kuacha mdomo wa plastiki iliyoyeyuka pembeni, na bati la ndege haliyeyuki likipigwa risasi. Linachanika na kujikunja.

Kuna njia mbili. Kwa tundu dogo, punguza unene kwa kulikwaruza eneo upande wa ndani, kabla hujaunganisha nusu mbili za bawa, kwa ncha ya kisu iliyopinda. Malizia kwa msasa namba 400. Kila baada ya muda inua mbele ya taa. Plastiki ikianza kupitisha mwanga, acha. Hapo pini tu inatosha kutoboa, na ukingo unakunjika kwa kibano.

Kwa sehemu kubwa iliyochanika, ondoa plastiki yote na uweke bati la kweli. Foili ya jikoni ina unene wa milimita 0.016 hivi, ambao kwa 1/48 ni kama milimita 0.8, karibu sawa na ndege yenyewe. Kopo la soda ni milimita 0.1, yaani karibu milimita 5 za kweli. Linafaa kwa vipande vizito, siyo kwa ngozi ya bawa. Sahani za foili za kuwekea biriani zipo katikati, na ndizo rahisi kushika kwa mtu anayeanza.

Kwanza jenga mifupa, kwa sababu bati likiondoka ndiyo inayoonekana. Chukua vikombe au vifuniko vyepesi vya plastiki na utafute alama ya pembetatu chini yake. Yenye namba 6 ni plastiki ile ile ya modeli, na gundi ya modeli itaiyeyusha na kuiunga. Namba 5 na namba 2 hazishiki gundi hiyo hata ukeshe, usipoteze muda. Kata mbavu za bawa kwa umbo la bawa lenyewe, uzipange kila milimita 6 hadi 8, kisha uzitoboe matundu ya duara ya kupunguzia uzito kwa ncha ya kuchimbia. Tungo za mbavu zilizonyooka sana zinakera jicho, kwa hiyo upande uliopigwa pinda mbili tatu kwenda upande mmoja, ule ule ambao nguvu ilielekea.

Foili ilaze juu ya sponji, upande wa ndani ukiwa juu, uchore mistari ya ribiti, vile vipini vinavyoshikilia bati. Gurudumu dogo lenye meno la saa mbovu, ulilolitia kwenye kijiti, linafanya kazi hiyo kwa sekunde. Umbali wa jino hadi jino uwe kati ya milimita 0.5 na 0.8. Geuza, bandika juu ya mbavu kwa gundi ya viatu uliyoipaka nyembamba pande zote mbili na kuiacha dakika kumi. Usitumie sipagluu, ile gundi ya kushika papo hapo, maana inakauka ngumu kama kioo, na ukija kuchana foili inabanduka yote kwa mkupuo.

Sasa ndiyo uchane. Bati la ndege hufuata mstari wa ribiti, kwa sababu pale limeshatobolewa, kisha linakwama kwenye ubavu na kugeuka. Mchano unaozunguka ovyo kama karatasi iliyong'atwa na panya ni wa mtu aliyevuta bila kuangalia mistari. Piga wembe kwenye mstari wa ribiti, mara mbili kwa ubavu mmoja, halafu kunja ulimi uliopatikana kwa kibano.

Rafadha yangu nimeivunja panga moja na mengine mawili nimeyaacha yamenyooka. Rafiki yangu anasema si kweli, anasema yote matatu yangepinda. Nani yuko sawa?
*Msomaji, Mkoani*

Inategemea injini ilikuwa inazunguka au la. Injini ikizunguka, kila panga linapita chini na kugonga, kwa hiyo yote yanaharibika. Kama ilikuwa inazunguka kwa nguvu, ncha za mapanga ya chuma hujikunja kwenda mbele. Kama injini haikuwa na nguvu na rafadha inazungushwa na upepo tu, hujikunja kwenda nyuma. Injini ikiwa imesimama kabisa, panga la chini pekee ndilo linalolala nyuma chini ya tumbo, na ya juu hubaki yamenyooka. Nyote wawili mnaweza kuwa sawa, ila marubani wenu ni wawili tofauti.

Tahadhari moja: siyo mapanga yote ni ya chuma. Hurricane na Spitfire nyingi zilikuwa na rafadha za Rotol zenye mapanga ya mbao zilizobanwa. Hayo hayapindi. Yanakatika na kuacha visiki vyenye nyuzi nyuzi. Soma karatasi ya maelekezo ya modeli yako, itakwambia aina ya rafadha.

Kupinda plastiki: chemsha maji, epua, tumbukiza panga moja kwa kibano kwa sekunde 15 hivi, pinda polepole kwenye kalamu ya risasi, kisha tia kwenye maji baridi. Kwenye mshumaa panga litanyong'onyea ncha na kubaki gumu shinani. Mapanga ya ndege iliyotua kwa tumbo mchangani yakwaruze pia rangi upande wa mbele, kutoka ncha hadi katikati. Mchanga ni msasa.

Ndege yangu nimeipaka kutu nyekundu kila mahali lakini watu wanasema inafanana na gari bovu la Mwanakwerekwe. Nifanyeje?
*Msomaji, Mwembeladu*

Ifute. Alumini haioti kutu nyekundu. Inapauka, inapoteza mng'aro, halafu inatoa unga mweupe na vishimo. Wekundu unabaki kwa vitu vya chuma: mabomba ya bodi ya Hurricane, bunduki, bolti na miguu ya magurudumu. Hapo weka wekundu, na uache utiririke kidogo kwenda chini ya kila bolti, milimita mbili tatu, kwa rangi nyepesi ya hudhurungi.

Penye bolti ya chuma ndani ya bati la alumini na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo kwenye maungo ya bawa na bodi toboa vishimo vingi na utie unga mweupe, wakati katikati ya bati pana unaacha hali nzuri. Kitambaa kinatangulia kuondoka kuliko vyote. Ndege iliyolala pwani miaka mingi, usukani wake ni mbavu tupu, na nyuma ya chumba cha rubani utaona fito na mataruma kama jahazi lililoachwa juu. Ukiacha kitambaa kizima halafu ukaozesha bati, umepindua mambo.

Vioo vya plastiki vya chumba cha rubani vinageuka manjano na kupata nyufa nyembamba. Tone la rangi ya chai ndani ya vanishi linatosha.

Nimejaribu ufundi wa chumvi kuonesha rangi iliyobanduka. Chumvi imeyeyuka yenyewe usiku, na asubuhi bawa lote lina madoa ya nata. Ilikuwa mwezi wa nne.
*Msomaji, Wete*

Mwezi wa nne ni masika dada yetu, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Ufundi huu unatoka nchi ambazo hewa yake ni kavu. Unapaka rangi ya bati, unalowesha kwa maji, unanyunyiza chumvi ya chembe kubwa, inakauka, unapuliza rangi ya juu, kisha unaisugua chumvi itoke na rangi. Kwetu, kausha kwanza chumvi kwenye kikaango kikavu kwa dakika kumi, inyunyize saa nne asubuhi jua likiwa limeshapanda, kausha kwa mashine ya kukaushia nywele, na upulize rangi ndani ya nusu saa. Usiiache chumvi ilale usiku kucha. Ukimaliza osha bawa kwa maji baridi ya bomba mara mbili, kwani chumvi iliyobaki itafura chini ya vanishi baada ya wiki kadhaa na kuinua malengelenge.

Sisi tunapendelea dawa ya kukazia nywele, ile ya kopo la kupuliza. Rangi ya bati ikishakauka siku moja, puliza dawa matabaka mawili mepesi, subiri dakika 15, paka rangi ya juu nyembamba ya kuchanganywa na maji. Baada ya nusu saa hadi saa moja ilowanishe kwa brashi na ukwaruze kwa kijiti cha meno. Haifanyi kazi ikiwa rangi ya juu ni ya mafuta au ya thina, maana maji hayapenyi. Ikiwa umepaka nene. Au ikiwa umeiacha siku kadhaa. Anza kubandua pale watu walipokanyaga: mzizi wa bawa, pembeni ya chumba cha rubani, na kwenye vifuniko vya injini.

Wewe huyo huyo umeuliza kwa nini vanishi yako ilitoka na ukungu mweupe. Ni masika hiyo hiyo. Thina ikiruka kwa haraka inaipoza rangi na unyevu unatua juu yake. Usipulize jioni wala siku ya mvua. Ukungu ukishatokea, puliza thina tupu, nyepesi sana, siku ya jua. Mara nyingi unaondoka.

Nimechota mchanga wa pwani ya Jambiani nikaubandika kwa gundi nyeupe ya seremala. Mwezi umepita, gundi haijakaza, na juu kuna unga mweupe. Tena mchanga unaonekana kama kokoto.
*Msomaji, Makunduchi*

Chumvi tena. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji ya bomba, ukoroge, umwage, mara tatu au nne, hadi ukionja maji hayana munyu. Uanike juani siku mbili. Kuhusu kokoto: chembe ya nusu milimita kwa 1/48 ni sentimita 2.4. Uchekeche kwa kichujio cha chai, kisha ulichopita kipitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni. Unga mwembamba uliopita mara ya pili ndio mchanga wako. Uliobaki kwenye soksi ni changarawe. Uliobaki kwenye kichujio tupa, au weka kidogo chini ya mwamba.

Msingi wenyewe ujenge kwa yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na friji, ukate kwa kisu cha moto, juu yake plasta laini ya ukutani yenye unene wa milimita 3. Plasta ikiwa bado mbichi ikandamize modeli ndani yake, ukiwa umeifunga kwa karatasi ya nailoni, uitoe, iache alama. Ndege ya uzito wa zaidi ya tani mbili haikai juu ya mchanga kama kikombe juu ya meza. Upande maji yanakotoka panachimbika, na upande wa nyuma mchanga unajilundika mkia mrefu.

Kwa mwamba hakuna kitu kizuri kuliko vipande vya jiwe la matumbawe vinavyoanguka waashi wanapochonga. Vishimo vyake vya asili vinafaa kabisa kwa 1/48. Tumbawe hai liache baharini.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii: kimo cha maji. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa kwetu hufika mita 4 hivi. Kwa 1/48 hizo ni sentimita 8.3, kwa 1/72 sentimita 5.6. Hurricane iliyolala kwa tumbo ni fupi kuliko hapo. Ina maana ukiilaza chini kabisa kwenye mwamba, kila siku inazama yote, na lazima chaza na mwani vifike hadi juu ya chumba cha rubani, wala hakuna rangi ya kijeshi itakayobaki. Ukiilaza juu karibu na mivinje, maji yanaigusa kwa bamvua tu, na utakuwa na mstari mmoja wa taka kavu na chumvi kwenye tumbo. Chora mistari miwili kwa kalamu ya risasi kuizunguka ndege, maji ya bamvua na maji mafu, ukitumia kalamu iliyolazwa juu ya kibao cha kimo hicho ili mstari uwe wa mlalo hata kama ndege imeinama. Huu ndio mstari unaosahaulika: wengi wanaufuata mwili wa ndege badala ya usawa wa bahari.

Chini ya mstari wa maji mafu weka chaza: gundi nyeupe iliyochanganywa na ule mchanga wa kwenye soksi, udonoe kwa brashi iliyokatwa nywele fupi, kwa vikundi, zaidi kwenye kivuli kuliko juani. Kati ya mistari miwili weka ukijani wa utelezi na hudhurungi. Juu ya mstari wa juu, rangi iliyopaushwa na jua.

Upande wa mikoko, ambao Pemba wengi wenu mmeutaka, tofautisha miti. Mkoko una mizizi ya kuning'inia kama miguu. Itengeneze kwa nyaya nyembamba za simu zilizosokotwa na kuachwa wazi chini. Mchu unatoa vijiti vinavyochomoza kwenye tope, vyenye urefu wa sentimita 20 hivi, yaani milimita 4: nywele za brashi ya viatu, zilizokatwa na kuchomekwa moja moja kwenye plasta mbichi. Kazi ya jioni mbili, na usiweke chini ya mia mbili.

Nilipewa rezini, yale majimaji yanayoganda yakawa magumu, na fundi wa maboti ya faiba, nikaimimina iwe maji. Msingi wote umeyeyuka na bawa la ndege limelainika. Rezini gani hiyo?
*Msomaji, Nungwi*

Hiyo ni polyester, ile ya maboti. Ndani yake mna styrene, na styrene inayeyusha maboksi meupe na plastiki ya modeli, kwani vyote ni ukoo mmoja. Harufu yake kali ingekuonya. Unachotaka ni epoksi, ambayo haina ugomvi na vitu hivyo.

Hata epoksi ina masharti kwa joto letu. Pima kama kopo linavyosema, ama kwa uzito ama kwa ujazo, usichanganye hizo mbili. Koroga polepole dakika tatu ukikwangua kuta za kikombe, hamishia kwenye kikombe cha pili, koroga tena dakika moja. Usimimine zaidi ya milimita 3 kwa mara moja na subiri siku nzima. Tabaka nene linajichemsha lenyewe, linapata nyufa, na linaweza kulainisha msingi. Mimina usiku wakati kuna ubaridi kidogo, na funika kwa ndoo dhidi ya vumbi na nzi. Ukiona utando wa mafuta juu asubuhi, ni unyevu. Uoshe kwa maji na sabuni kabla ya tabaka la pili, vinginevyo hayashikani. Kabla ya yote ziba msingi kwa gundi nyeupe matabaka mawili. Kitundu kimoja cha pini kitatoa mapovu usiku kucha, na rezini itakutokea upande wa pili wa meza.

Rangi ya bahari haitoki kwenye rezini. Paka chini: mchanga mweupe pembeni, kijani cha maji maji, kisha buluu panapozama. Kwenye rezini tia tone moja tu.

Kwa kusema kweli, mtu anayeanza asimwage maji kabisa. Fanya maji kupwa: tope na mchanga mbichi uliopakwa vanishi ya kung'aa kwenye mashimo, vidimbwi viwili vya kina cha milimita 2, na mwani umelala kuelekea maji yalikotokea. Inagharimu kidogo na inafanana na pwani ya kwetu zaidi kuliko bahari ya kioo.

Skuli tumesoma kuhusu Königsberg, meli ya vita ya Kijerumani, na ndege zilizoitafuta. Je, naweza kutengeneza ndege moja kati ya hizo? Modeli yake siioni.
*Mwanafunzi, Mkoani*

Unaweza mwanetu, na ni mada nzuri. Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus hapa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Makaburi ya mabaharia wake yapo kisiwani Chapwani. Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na Waingereza wakaleta ndege kuitafuta na kuelekeza mizinga, wakirukia kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya Henri Farman iliyorushwa na Cull, pamoja na mwangalizi wake Arnold, ilipigwa wakati ikielekeza mizinga na ikaanguka mtoni. Wote wawili walinusurika. Hiyo ndiyo ajali yako ya kweli.

Kwa kuwa modeli haiko dukani kwetu, ijenge mwenyewe kwa 1/48 kutoka mchoro wenye vipimo. Fito zote zipatikane kwa chelewa za fagio, uchague zenye unene wa milimita 1 na uzikwangue ziwe sawa. Kitambaa ni karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, ipakwe gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Waya za kukazia mabawa ni uzi wa kuvulia wa namba ndogo kabisa. Ndege imeanguka majini siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna uchakavu wa miaka: karatasi iloweshe na uiache ishikane na mbavu, mabawa yalegee, waya zining'inie. Rangi ya mto iwe ya udongo, usiweke buluu.

Sipagluu imetia ukungu mweupe kwenye kioo cha rubani.
*Msomaji, Kwahani*

Mvuke wake unakamata unyevu na kutua kwenye plastiki. Kwenye kioo tumia gundi nyeupe. Kilichoharibika chovya kwenye vanishi ya kung'aa ya maji, kitarudi karibu chote; kisiporudi, msasa namba 2000 kisha dawa ya meno. Au kivunje, si ndege imeanguka?

Diorama yangu ina nyuzi za makumbi na majani makavu. Imeota kuvu, na sisimizi wamehamia.
*Msomaji, Konde*

Vitu vya mimea vikaushe juani siku tatu na uvipake vanishi pande zote kabla ya kubandika. Kuvu iliyokwishaota ifute kwa brashi yenye spiriti. Sisimizi wanafuata gundi ya unga wa ngano, kwa hiyo kama uliitumia, ibandue. Ubao wa chini usiwe wa unga wa mbao uliobanwa, unafura kwa masika na mchwa wanaupenda. Tafuta kipande cha mvule kwa seremala. Weka kasha la kioo juu, na ndani yake vile vifuko vidogo vya kuvuta unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vitano au sita, uvibadilishe kila masika inapoingia.